Hesabu ya Vichwa

Ukifika Sumbawanga mjini jioni ukauliza gari la Pito linaondoka saa ngapi, hutatajiwa saa. Utaambiwa, "Bado vichwa viwili." Vikipatikana hivyo viwili, hata kama ni baada ya dakika tatu, gari linang'oa. Visipopatikana, mtakaa humo magoti yakigusana mpaka giza liingie na baridi ya Ufipa ianze kupenya kwenye vioo visivyofunga vizuri.

Pito ni moja ya kata za Manispaa ya Sumbawanga. Kwenye makaratasi ya serikali wakazi wake ni watu wa mjini. Kwa macho ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, wanaokuja mjini asubuhi na kurudi jioni: sokoni, hospitali ya mkoa, benki, dukani kutafuta mbolea, ofisini kufuatilia karatasi ambayo juzi walikuwa wameambiwa waje kesho. Umbali wa namna hiyo una tabu yake. Kwa basi kubwa ni mfupi mno, basi haliwezi kusimama na kugeuza kwa ajili yake. Kwa miguu unawezekana, mpaka siku unapokuwa na debe la maharage au mtoto mwenye homa. Katika mwanya huo, kati ya basi na mguu, ndimo mlimoota biashara yote ya vyombo vidogo: gari la kuchangia, bodaboda, bajaji. Na biashara hiyo ina kipimo kimoja tu, nacho ni kichwa.

Neno lenyewe lina umri. Kabla ya kuwa abiria, kichwa kilikuwa mahali pa kuwekea mzigo, kisha kikawa kitu cha kutozwa kodi. Ukilifuata neno hilo taratibu, unaipata historia ya usafiri wa Ufipa karibu yote.

Uwanda wa Ufipa uko juu, Sumbawanga yenyewe ikiwa kwenye mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, katikati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi, Rukwa upande wa mashariki. Pande zote mbili ardhi inaporomoka ghafla. Aliyetaka kuingia alipanda, aliyetaka kutoka alishuka, na kila kilichokwenda naye kilikaa kichwani au begani mwa mtu. Wafipa walikuwa na ng'ombe, lakini ng'ombe hakuwa mnyama wa msafara, na punda na farasi waliotoka pwani walikufa kwa mbung'o kabla ya kuuona uwanda. Basi kipimo cha biashara kilikuwa mzigo wa mpagazi, kilo 30 hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo kutegemea ukali wa msimamizi. David Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kifo chake, akiwa na wapagazi aliotafutiwa na Stanley. Msafiri mwingine kutoka Uingereza, Joseph Thomson, alifuata mwaka 1880, akaliona Ziwa Rukwa na kulipa jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Jina hilo halikudumu. Njia za wapagazi zilidumu zaidi.

Baadaye wakaja watu ambao hawakutaka kutembea. Mapadre wa White Fathers walikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu 1885. Wajerumani nao wakajenga ngome Kasanga na kuipa jina la Bismarckburg. Padre akiugua, au ofisa akichoka, au akitaka tu kuonekana kuwa ni ofisa, alibebwa kwa machela: kitambaa kizito kilichofungwa kwenye mti mrefu, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, na wengine wakikimbia pembeni wakisubiri zamu yao ya kupokea.

Mimi machela ndiyo ninayoihesabu kuwa chombo cha kwanza cha kukodi katika nchi hii ya juu. Iangalie hesabu yake: abiria mmoja, na wanaume wanane au zaidi wa kumbeba. Kila kilichokuja baada ya hapo kimekuwa kikiigeuza hesabu hiyo kidogo kidogo, mpaka leo tumefika kwenye bajaji, ambamo mtu mmoja anawabeba wengine wanne na mfuko wa mbolea. Machela nayo haijafa. Njia ikikatika kwa mvua, mama mjamzito hutolewa kijijini juu ya kitanda cha kamba, vijana wakipokezana mpaka barabara inayopitika. Hapo hakuna nauli, na hakuna anayehesabu.

Kodi ilianza mwaka 1898. Wajerumani walidai rupia 3 kwa kila nyumba, na Waingereza walipoichukua nchi wakaweka sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Watu wakalishika lile neno la pili. Kodi ya kichwa ilimfanya kila mwanamume mzima kuwa deni linalotembea, na kwa kuwa fedha haikuota katika matuta ya Ufipa, ilibidi waifuate ilipo. Wengine walielekea kusini, kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini. Wengine walikwenda mashamba ya mkonge Tanga, ambako kila mtu alipewa namba yake na wote kwa pamoja wakaitwa manamba. Ofisi ya kuwakusanya, iliyojulikana kama Silabu, ilianzishwa mwaka 1944, na tangu hapo manamba walisafirishwa kwa malori na treni badala ya kutembea majuma kadhaa. Kwa hiyo wako wanaume wa bara ambao safari yao ya kwanza ya gari waliifanya wakiwa wamesimama, wamebanana, wamehesabiwa, na nauli imelipwa na mtu mwingine aliyetarajia kuirudisha kutoka jasho lao.

Nimeiruka Vita Kuu ya Kwanza, na haistahili kurukwa kabisa. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia yaliiteka Kasanga, na nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi waliobeba chakula na risasi. Dar es Salaam wana soko lenye jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyo, Kariakoo. Ufipa haina soko la jina hilo, ila ilitoa vichwa.

Gari lilipokuja kukaa, lilikuja kama lori. Kati ya vita na vita, na zaidi baada ya 1945, wafanyabiashara wenye maduka walikuwa na malori ya kupeleka chumvi, nguo na mafuta ya taa vijijini na kurudisha nafaka. Lori lilikuwa la mizigo. Lakini lori linalopita kijijini likiwa na nafasi juu ya magunia haliwezi kubaki la mizigo tu. Utingo alikuwa ndiye mwenye kuamua: nani apande, akae wapi, atoe nini. Hakukuwa na tiketi. Ulikuwa ni mpango kati ya dereva, utingo na aliyechoka kutembea, na mwenye lori aliyekaa dukani kwake hakuujua, au alijifanya hakuujua. Hapo, juu ya magunia, ndipo ilipoanza ile desturi ambayo sheria imekuwa ikiifukuza tangu wakati huo: kwamba nafasi iliyo wazi kwenye chombo cha mtu ina bei, na bei hiyo wanaweza kuipatana wawili bila kumshirikisha wa tatu.

Uhuru ulileta wazo jingine. Usafiri ungekuwa huduma ya umma, na serikali ingeutoa. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: UDA ikabaki na mabasi ya jiji, KAMATA ikachukua ya mikoani. Mwaka huohuo 1974 Rukwa ikawa mkoa, Sumbawanga ikawa makao yake makuu, nao ndio mji ambao jina lake kwa Kifipa ni amri, tupa uchawi. Mji ukipewa mkoa hupewa pia wakubwa wake, ofisi zao na hospitali yao. Na kila ofisi inayofunguliwa ni sababu mpya ya mtu wa Pito kuja mjini.

Ila KAMATA ilikuwa ya safari ndefu, na UDA ilikuwa ya Dar es Salaam. Safari fupi za mikoani hazikuwa na mwenyewe. Hakuna mpango niliowahi kuuona wa miaka ile uliojiuliza mkulima atayafikiaje makao makuu hayo mapya. Serikali ilifikiria sana juu ya mahindi yake. Katika miaka ya 1970 bei ya mahindi iliwekwa kuwa moja nchi nzima, kwa hiyo gunia la Ufipa, lililo mbali na kila soko kubwa, lilinunuliwa kwa bei ileile ya gunia la karibu na jiji. Rukwa ikaingia katika ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Gunia likapata usafiri wa serikali. Mwenye gunia alirudi nyumbani kwa miguu.

Sheria nayo ilikaza. Mwaka 1973 zilitungwa sheria mbili ambazo mpaka leo dereva wa Tanzania anaishi ndani yake, ile ya usalama barabarani na ile ya leseni za usafirishaji. Hakuna kubeba abiria kwa malipo bila leseni ya kubeba abiria. Na sasa tazama jirani. Mwaka huohuo 1973, Nairobi, Rais Jomo Kenyatta aliagiza matatu, magari madogo ya abiria ya watu binafsi, ziruhusiwe kufanya kazi bila leseni ya kubeba abiria. Nchi mbili, mwaka mmoja: moja imefungua mlango, nyingine imefunga. Ukitaka kujua kwa nini matatu ilipata umaarufu mapema kuliko ndugu yake wa Tanzania, nadhani jibu ni hapo, kabla hujafika kwenye muziki na rangi.

Ndugu yake alikuwapo, lakini alijificha. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na magari ya kuiba abiria yaliyoitwa thumni thumni. Baadaye likaja gari la mbao lililoketisha watu wakitazamana kama walio mezani, likaitwa chai maharage. Mafuta yalikuwa haba, vipuri vilikuwa haba, UDA ilikuwa na mabasi mengi yaliyolala. Mwaka 1983 serikali ikakubali yaliyokwisha kutokea na kuwaruhusu watu binafsi kubeba abiria jijini. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu kubwa iliyoitwa dala. Kondakta akapiga kelele ya bei, na bei ikawa jina la gari, daladala.

Jambo hili limenishangaza siku nyingi. Matatu ya Nairobi ilipata jina kutokana na nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi. Thumni ni senti hamsini. Dala ni shilingi tano. Na mbali kabisa, Los Angeles mwaka 1914, watu wenye magari madogo ya Ford walianza kuwachukua wasafiri waliokuwa wakisubiri tramu, kwa senti tano kila mmoja. Sarafu hiyo mtaani iliitwa jitney, na magari yale yakaitwa hivyohivyo. Makampuni ya tramu yakalia, halmashauri za miji zikatunga masharti ya leseni na dhamana, na katika miaka michache jitney zilikuwa zimekwisha karibu kila mahali. Miji iliyokuwa haijuani ikafanya kitu kilekile. Teksi haiitwi kwa nauli yake kwa sababu nauli ya teksi huijui mpaka ufike. Gari la kuchangia ni bei inayojulikana kabla ya safari, tena ni sarafu ambayo mtu anayo mkononi. Waturuki wa Istanbul walikwenda njia nyingine, wakaliita la kwao dolmuş, yaani lililojaa. Dereva wa Sumbawanga angelielewa jina hilo bila mkalimani.

Mlango wa mikoani ulifunguliwa mwaka 1984, na haukufunguliwa na wizara inayoshughulika na barabara. Bajeti ya mwaka ule iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje bila kuulizwa amezipata wapi. Kati ya vitu vilivyoingia kwa wingi ni pikapu. Pikapu lilikuwa ni jibu la swali la Ufipa: linabeba gunia na mwenye gunia pamoja. Likawekewa bomba za kushikilia na mbao za kukalia, na turubai kwa ajili ya mvua, nalo likaenda kokote ambako dereva wake alithubutu. Kisha biashara ikafunguliwa zaidi, yakaja magari yaliyokwisha kutumika Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo usukani wake ulikuwa tayari upande unaotufaa. Hiace ndogo, ambayo Dar es Salaam waliiita kipanya, ikawa basi la mji wa mkoa. Baada yake likaja gari la Toyota liitwalo Noah, lililotengenezwa ili baba wa Kijapani awapeleke mke na watoto matembezini. Viti saba au vinane. Huku kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa jina hilo, safina inajulikana, na wanaoingia wawili wawili pia wanajulikana.

Magari haya madogo ya watu binafsi yanayobeba abiria, Noah, Probox na mengine ya aina hiyo, yakapewa jina mchomoko. Ni jina zuri kwa kuwa limebeba sheria ndani yake: gari linachomoka kabla trafiki hajalitazama vizuri. Mengi yamesajiliwa kama gari la nyumbani. Yanapanga foleni mahali ambapo si stendi, yana mpiga debe ambaye si mwajiriwa wa mtu, yana zamu zinazoheshimiwa kuliko taa za barabarani. Anayeruka zamu hushushiwa abiria wake mmoja mmoja, bila ngumi, na wote wanaona kuwa ni haki.

Lami ilibadili mambo kwa njia ambayo sikuitegemea. Mnamo Februari 2008 Tanzania na Marekani zilitia sahihi mkataba wa dola milioni 698 wa mfuko wa Changamoto za Milenia, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa zaidi ya 220, ilikuwa miongoni mwa kazi zake. Ungefikiri barabara nzuri ingeleta mabasi makubwa na kuyafuta madogo. Mabasi makubwa yalikuja kweli, ya Mbeya na Dar es Salaam. Lakini basi la masafa halisimami Pito, na kila lililoshusha watu alfajiri pale Sumbawanga liliwaacha na begi, baridi, na safari fupi ya mwisho. Kadiri safari ndefu ilivyozidi kuwa nyepesi, ndivyo hizi fupi zilivyoongezeka.

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia. Asili ya bodaboda ni mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako tangu miaka ya 1960 vijana waliwavusha watu kwa baiskeli eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, boda hadi boda. Huku kwetu Shinyanga na Tabora nako baiskeli zilibeba abiria kwa muda mrefu. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, SanLG, T-Better, Boxer na TVS, zilijaa nchini baada ya 2005, na kwa miaka kadhaa zilibeba abiria bila kuwa chombo cha abiria mbele ya sheria. Kanuni za leseni za pikipiki na za miguu mitatu zilitoka mwaka 2010. Nazo zilihesabu: pikipiki, abiria mmoja, bajaji, abiria watatu.

Abiria mmoja! Mama wa Pito mwenye mtoto mgongoni na binti wa miaka kumi ni kichwa kimoja au vitatu? Dereva anajua jibu, ndiyo maana watu wa mtaani wana neno mshikaki, la abiria wawili au watatu waliochomekwa kwenye pikipiki moja kama nyama kwenye kijiti. Neno linachekesha mpaka ufike hospitali. Kuna wodi za mifupa nchini zilizopewa jina la bodaboda, na mzaha huo hauna kicheko.

Bajaji ilipanda mlima ikiwa imechelewa, na imezunguka sana kabla ya kufika. Babu yake ni Ape, chombo cha miguu mitatu cha kampuni ya Piaggio ya Italia, kilichobuniwa mwaka 1948 kutoka kwenye Vespa wakati Waitaliano walipokuwa maskini baada ya vita. Kampuni ya Bajaj ya India ilipata leseni ya Piaggio, ikatengeneza za kwake, na jina la kampuni likawa jina la kitu, kama tulivyofanya kwa vitu vingi. India iliiunda iwe teksi ya maskini: mtu anakodi, anapelekwa mlangoni. Miji ya nyanda za juu za Tanzania iliichukua ikaifanya daladala. Ina njia yake, ina nauli ya kichwa, inapakia na kushusha popote. Ukiitaka peke yako unasema unakodi, na dereva anakutazama upya, kwani sasa wewe ni mtu wa namna nyingine.

Hesabu ya bajaji inafaa kuelezwa polepole, kwa sababu nayo inaitwa hesabu. Madereva wengi si wenye chombo. Kila jioni dereva anampelekea tajiri kiasi kilichokubaliwa, awe amepata au hajapata, na kiasi hicho ndicho hesabu. Wengine wako kwenye mkataba: wanalipa kila wiki kwa mwaka mmoja au zaidi, na mwisho chombo kinakuwa chao, kikiwa kimechoka kama wao. Ondoa hesabu, ondoa mafuta, ondoa pancha na ushuru. Kwa viti vitatu vya nyuma, vile vya kisheria, siku ya kawaida dereva amefanya kazi kwa ajili ya tajiri na kituo cha mafuta. Chakula cha watoto wake kimekaa mbele, kwenye kipande cha kiti cha dereva mwenyewe, upande wa kushoto au wa kulia kutegemea nani amewahi. Abiria yule wa nne, anayekaa nusu ndani nusu nje huku dereva akishika usukani kwa kumkumbatia, ndiye faida. Trafiki anapomwona anamshusha. Amemshusha abiria, na ameshusha pia mboga ya jioni ya mtu.

Simtetei. Najua inavyokuwa chombo kinapopinduka kwenye kona yenye changarawe, na najua mwenye kulipia kona hiyo si tajiri. Ninachosema ni kwamba sheria imehesabu viti, dereva anahesabu deni, na namba hizo mbili hazijawahi kulingana. Mamlaka ya kudhibiti usafiri imebadilika jina, SUMATRA ikaondoka na LATRA ikaingia kwa sheria ya mwaka 2019. Namba zile hazijasogeleana.

Ndani ya chombo kuna sheria nyingine isiyoandikwa, na hiyo inafuatwa. Mtoto wa kupakatwa si kichwa. Akianza shule ni kichwa, lakini akivaa sare ni nusu kichwa, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo, ndiyo maana utawaona wamesimama kando ya barabara wakipitwa na chombo chenye nafasi. Kuku aliyefungwa miguu hana nauli. Debe likikaa miguuni mwa mwenyewe ni bure, likihitaji nafasi yake ni kichwa. Mzee hupewa kiti cha mbele bila kuomba, na akipanda mtu anasema "Shikamoo babu" hata kama hamjui, kwa kuwa huwezi kukaa umebanwa ubavu kwa ubavu na mzee usiyemsalimia. "Mama, sogea kidogo tuenee" si ombi, ni taarifa. Mvua za masika zikiharibu njia nauli hupanda, watu hulalamika na kulipa. Siku ya mnada, ile mizani yote hupotea na chombo hupakiwa mpaka mlango ukatae.

Nao wenyewe abiria hupanga bei pale ambapo dereva angengoja. Nimeliona jambo hili mara nyingi jioni, magari yakiwa machache na watu wakiwa na nyumba za kuwahi. Gari la Pito limekaa, bado kichwa kimoja. Mpiga debe ameita mpaka sauti imekauka. Mwanamke mwenye ndoo anaangalia mawingu upande wa milima ya Mbizi. Kijana mmoja anauliza, "Kwani kichwa ni shilingi ngapi?" ingawa anajua. Mwalimu aliyekaa dirishani anatoa shilingi mia mbili, mwingine anaongeza mia, mama anafungua fundo la khanga. Dereva anahesabu sarafu kwenye mwanga wa simu, anarudisha hamsini iliyozidi, anawasha gari. Wanaondoka na kiti kimoja kitupu ambacho wamekilipia wote, na baada ya mita chache, kwenye giza, mtu anapunga mkono kando ya barabara. Dereva anasimama. Mtu anapanda, anaketi, anauliza nauli, na gari zima linanyamaza likingoja kusikia fedha hiyo ataipokea nani.